Swali la Mama Juu ya Unga wa Bilioni Tano

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimesimama jikoni nachana kipakiti kidogo nilichouziwa duka la dawa. Ndani mna unga mweupe, laini kuliko unga wa muhogo, hauna harufu. Mwanangu wa miaka minne alikuwa amemaliza antibiotiki za sikio siku tatu nyuma, na tangu hapo tumbo lake halikutulia: choo cha majimaji mara nne, mara tano kwa siku. ORS alikuwa anakunywa, zinki alikuwa anapewa, homa hana, damu hakuna. Kipakiti hiki kilikuwa cha ziada.

"Hawa ni bakteria wazuri, dada," muuzaji aliniambia. "Bilioni tano humu ndani. Wanakwenda kuziba nafasi ya waliouawa na dawa."

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Songea wiki ile. Amekaa kwenye kigoda, sufuria ya togwa, uji uliochachushwa, iko mbele yake, anaikoroga taratibu kwa mwiko kuangalia kama imekaa sawa. Akanitazama nikimimina ule unga kwenye kikombe cha maziwa ya uvuguvugu.

"Hao wadudu wako hai?"

"Ndiyo, mama. Lakini ni wazuri."

"Kwamba ni wazuri nimesikia. Tumbo linayeyusha nyama mpaka inakuwa maji. Hao wanafikaje hai?"

Nilimwambia wametengenezwa hivyo. Hakusema kitu, akarudi kwenye togwa yake.

Mtoto alikunywa. Baada ya siku mbili akaacha kuharisha, na mama akarudi Songea kwa basi la alfajiri. Swali lake likabaki na mimi. Nilikuwa nimemjibu mtu mzima kama anavyojibiwa mtoto, na tena sikuwa najua kama ule unga ndio uliomponya mwanangu au angepona tu hata bila huo.

Ni wiki ya sita sasa nalisomea, usiku, nyumba ikishalala.

## Lango la kwanza

Mama alikuwa sahihi kuanzia na tindikali.

Mfuko wa chakula ukiwa mtupu, pH yake, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, huwa kati ya 1.5 na 3 hivi. Kipimo hiki wengi tulikisoma sekondari tukichovya karatasi za litimasi, kisha tukakiacha hukohuko. Kila namba moja ikishuka, ukali unaongezeka mara kumi. Togwa iliyoiva iko kwenye 4 au chini yake kidogo, na tumbo tupu likiwa kwenye 2, basi tumbo ni kali kuliko togwa mara mia.

Kinachomuua bakteria humo ni protoni, zile chembe ndogo mno zinazoipa tindikali ukali wake. Zinapenya utando wake, zinajaa ndani, na vimeng'enya vyake, protini zinazoendesha kazi za mwili wake, vinaharibika kimoja baada ya kingine. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus wana kinga yao: kwenye utando wamepachikwa pampu ndogondogo zinazochota protoni ndani na kuzitupa nje. Nilipoisoma hiyo nilimwona baharia ndani ya ngalawa inayovuja. Tundu hawezi kuliziba, basi anakumba maji bila kupumzika, na akichoka tu, chombo kinazama.

Kukumba maji kunataka nguvu.

Mwaka 2005 watafiti wa Ireland walichukua Lactobacillus rhamnosus GG, bakteria anayeuzwa kwa wingi mno duniani, wakamtumbukiza kwenye maji makali yaliyoigizwa ya tumboni, pH 2. Walikufa upesi. Walipoongeza sukari ya glukosi, wakastahimili kwa kiasi kikubwa sana. Tindikali ni ileile na muda ni uleule. Tofauti ni kwamba safari hii pampu zilikuwa na chakula.

Nililifikiria hili kwa siku kadhaa, kwa sababu linabadilisha maana ya kikombe. Bakteria aliyemezwa na maji matupu asubuhi kabla ya chai anaingia kwenye tumbo kali bila akiba. Aliyemezwa na maziwa au uji anaingia na sukari, na chakula chenyewe kinapunguza ukali: baada ya kula, pH ya tumbo hupanda hata kufika 4 au 5, kisha inashuka polepole kadiri tindikali mpya inavyomiminwa. Saa ile ya kupanda ndiyo nafasi yao ya kuvuka. Yale maziwa ya uvuguvugu niliyochukua kwa mazoea tu yalikuwa na kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

## Sabuni

Akivuka tindikali anakutana na nyongo.

Nyongo inaingia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kazi yake ni kuvunja mafuta, kama sabuni inavyokata mafuta ya sufuria. Sasa utando wa bakteria umejengwa kwa mafuta. Kwake yeye nyongo ni sabuni inayoyeyusha ngozi.

Baadhi wana kimeng'enya kinachokata chumvi za nyongo na kuzipunguzia makali. Wengine wana pampu nyingine za kuitoa nje. Wengine hawana hiki wala kile, nao huishia hapo. Tofauti hizi hazifuati jina la jumla la bakteria. Wawili wa aina moja, kwa jina lilelile la Kilatini, mmoja anavuka na mwenziwe anayeyuka.

Ndiyo maana kwenye pakiti nzuri jina linakuwa na sehemu tatu. Lactobacillus, kisha rhamnosus, kisha GG. Hizo herufi za mwisho ndizo ukoo wenyewe. GG ni Gorbach na Goldin, watafiti wawili wa Boston waliomtenga bakteria huyu miaka ya 1980 kutoka kwa mtu mzima mwenye afya, wakimtafuta kwa makusudi anayestahimili tindikali na nyongo. Pakiti isiyotaja ukoo ni sawa na mtu anayekwambia fundi wake anaitwa Juma.

Nilikwenda kuitazama tena ile ya mwanangu. Ilikuwa na majina mawili tu.

## Wanaofia njiani

Hapa ndipo nilipogundua kwamba mimi na mama tulikuwa tumeuliza swali pungufu.

Mtu aliyelifanya swali hili kuwa la dunia nzima ni Ilya Metchnikoff, mtafiti wa Pasteur Institute mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili. Aliamini uzee unaletwa na bakteria wabaya wa utumbo mpana, na kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao ya mgando. Watu wakaanza kunywa. Baadaye ikajulikana kwamba yule bakteria wa Bulgaria haweki makazi tumboni mwa mtu. Wengi wao hufa au kupita tu.

Ningekuwa mimi, hapo ningefunga daftari. Wamekufa, basi.

Lakini maziwa mgando yana jambo lake. Watu wazima wengi katika Afrika hawana tena kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa. Wamasai na jamii nyingine za wafugaji wengi wao wanacho. Sisi wa jamii za wakulima, wengi wetu kilipungua baada ya kuacha ziwa. Glasi ya maziwa mabichi inamletea mtu gesi na tumbo kunguruma, lakini mtindi anaula vizuri. Sababu moja ni kwamba sehemu ya sukari imeshaliwa. Ya pili ndiyo iliyonisimamisha: bakteria wa mtindi wanabeba kimeng'enya hicho ndani yao, wanakilinda dhidi ya tindikali, kisha wakifika kwenye nyongo wanapasuka, na kimeng'enya kinamwagika mahali hasa kinapohitajika.

Kazi yao inafanyika kwa kufa kwao.

Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ambayo imekataa karibu kila dai la bakteria lililopelekwa mezani kwake, ilikubali hili moja: mtindi wenye angalau bakteria hai milioni mia kwa kila gramu unamsaidia mtu anayesumbuliwa na sukari ya maziwa. Bakteria hao hawakai na hawazaliani humo, wala hawazibi nafasi ya mtu. Wanafika hai mpaka mlangoni, wanapasuka, na mlaji anapona gesi.

Kwa hiyo "wanafikaje hai" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni wanafika wapi, na kufanya nini.

## Kwenye ute

Waliobaki hai wanaingia kwenye mji ambao tayari umejaa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 inakadiria bakteria trilioni 38 ndani ya mtu mmoja, wengi mno wakiwa kwenye utumbo mpana. Bilioni tano zangu, hata kama zingefika zote, ni tone kwenye pipa.

Ukuta wa utumbo mpana umefunikwa na ute wa tabaka mbili. La nje ni legevu na limejaa bakteria. La ndani limeshikamana, na kwa mtu mwenye afya halina bakteria karibu kabisa. Mgeni akitaka kukaa hata siku chache, lazima ajishike kwenye lile la nje, la sivyo anasombwa na mkondo. Mwaka 2009 watafiti wa Finland walionyesha kwamba yule GG ana nywele za protini mwilini mwake, na kwenye nywele hizo kuna protini inayonasa ute. Ndugu yake wa karibu waliyemlinganisha naye hana nywele hizo, na hashiki vile. Akishajishika, GG hutoa protini nyingine zinazozungumza na seli za ukuta na kuzisaidia zisife ovyo. Nilipenda sana kusoma hivyo. Nilimwona mgeni aliyepiga hodi, akapewa kiti, akatoa zawadi yake, kisha akaaga baada ya siku chache, maana hata GG akiacha kumezwa anatoweka kwenye choo cha watu wengi baada ya wiki moja au mbili.

Kisha nikafika mwaka 2018, na furaha ikapungua.

Watafiti wa Weizmann Institute, Israel, hawakuridhika na kupima choo. Waliingiza kamera ndani ya watu waliojitolea na kuchukua sampuli kwenye ukuta wenyewe wa utumbo, kabla na baada ya kumeza mchanganyiko wa koo 11 za bakteria. Wote walionekana kuwatoa kwenye choo. Lakini kwenye ukuta, watu waligawanyika: kwa baadhi wageni walikaa, kwa wengine wenyeji waliwafukuza moja kwa moja. Choo kilikuwa hakisemi ukweli wote.

Utafiti wao wa pili ulinigusa mimi binafsi. Watu 21 walipewa antibiotiki. Baadaye wengine wakaachwa wapone wenyewe, wengine wakapewa bakteria wa kununua, na wengine wakarudishiwa bakteria wao wenyewe waliokuwa wamehifadhiwa kabla. Waliopewa bakteria wa kununua ndio waliochelewa kuliko wote kurudisha wenyeji wao wa asili, kwa miezi. Safari hii wageni walikaa vizuri kabisa, na kukaa kwao ndiko kulikowazuia wenyeji kurudi.

"Wanakwenda kuziba nafasi ya waliouawa na dawa."

Nilikaa na sentensi hiyo usiku mzima. Watu 21 ni wachache, nao walikuwa watu wazima waliopewa antibiotiki mbili kali, si mtoto mwenye sikio. Lakini nilichofanya mimi ndicho hichohicho walichokifanya wao: nilisubiri dawa iishe, halafu nikawaingiza wageni.

Upande wa pili una uzito pia. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, ulikusanya majaribio 33 ya watoto wanaotumia antibiotiki. Waliopewa bakteria au hamira ya dawa *pamoja na* antibiotiki, asilimia 8 waliharisha. Wasiopewa, asilimia 19. Hiyo si tofauti ndogo. Ila soma vizuri: pamoja na, tangu mwanzo, kwa kuzuia. Na kwa kuharisha kulikokwisha kuanza kwa ugonjwa wa tumbo, majaribio mawili makubwa ya Marekani na Kanada, yote ya 2018, moja likiwa la GG mwenyewe, hayakuona faida kwa watoto waliopelekwa hospitali. Walipona kwa kasi ileile ya wenzao waliopewa unga mtupu.

Kwa hiyo mwanangu, kwa ninavyoelewa leo, alipona kwa sababu ya ORS, zinki na siku mbili. Kuandika hivi hakunifurahishi. Nilikuwa nimeshawaambia majirani watatu wanunue ule unga.

Na kwa mgonjwa mahututi mambo ni mazito zaidi. Uholanzi, mwaka 2008, wagonjwa wa kongosho waliokuwa katika hali mbaya walipewa mchanganyiko wa bakteria kwa nia ya kuwakinga. Waliopewa walikufa asilimia 16, wasiopewa asilimia 6. Tangu nisome hapo, neno "hazina madhara" silitamki tena kirahisi.

## Jina la pili

Nilikuwa karibu kuacha, nikakutana na Odisha.

Odisha ni jimbo la India lenye vijiji vingi maskini. Watoto wachanga zaidi ya 4,500, wazima, wa uzito mzuri, wanaonyonya, walipewa kwa siku saba ama unga usio na kitu ama Lactobacillus plantarum wa ukoo mmoja mahususi, pamoja na sukari ndogo anayoila. Katika miezi miwili ya kwanza, kati ya wasiopewa, asilimia 9 walipata maambukizi ya damu au kufa. Kati ya waliopewa, asilimia 5.4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ukoo huo haukuokotwa. Ulichaguliwa baada ya kuchujwa kwa kigezo cha kujishika kwenye utumbo. Na uliingizwa katika siku za kwanza za maisha, kabla mji haujajaa.

Plantarum. Hilo jina nilikuwa nimeshaliona mahali.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliwahi kuichunguza togwa na kuorodhesha wanaoishi humo. Kuna bakteria wa Weissella na Pediococcus, kuna hamira za asili, na aliye mkuu kati yao ni Lactobacillus plantarum. Ukoo si ule wa Odisha, na kama kuna nililojifunza kwenye wiki hizi sita ni kutowachanganya. Lakini moyo wangu uliruka.

Na togwa imepimwa kwa watoto. Katika utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1999, watoto wa chini ya miaka mitano walikunywa togwa mara moja kwa siku, siku 13 mfululizo. Mwanzoni, zaidi ya robo yao walikuwa na vimelea vya kuharisha kwenye choo, wakiwemo Salmonella, Shigella na Campylobacter. Baada ya wiki moja, waliobaki navyo kati ya wanywaji wa togwa walikuwa chini ya mmoja kwa kumi. Kilichopimwa ni choo, si ugonjwa, na baada ya Weizmann nakisoma choo kwa tahadhari. Pia huenda bakteria wa togwa hawana sifa yote hiyo. Tindikali waliyoitengeneza usiku kucha ndani ya sufuria inaua vimelea vingi kabla kikombe hakijafika mdomoni. Hapo tena hakuna haja ya mtu kufika hai popote. Kazi imekwisha jikoni.

## Wahadzabe

Jambo moja zaidi, kwa sababu linanisumbua kila nikiona neno "bakteria wazuri".

Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa choo cha Wahadzabe 27 wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa mizizi, asali, ubuyu na nyama ya porini. Bakteria wao walikuwa wa aina nyingi kuliko wa Waitaliano waliolinganishwa nao. Na Bifidobacterium, yule anayewekwa kwenye pakiti nyingi kama kiongozi wa wazuri, hakuonekana kwa watu wao wazima. Hawafugi, hawanywi maziwa. Bakteria wanaokula nyuzinyuzi ngumu ndio waliojaa mahali pake.

Mtu akija Yaeda, huko kwa Wahadzabe, na kipakiti kama changu kuwaletea "wazuri" wanaokosekana, atakuwa anawaletea nini hasa?

## Simu ya Songea

Jana nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za mahindi, nilimwambia nimepata jibu la swali lake. Alikuwa amelisahau. Nikamkumbusha, nikaanza: wana pampu kwenye utando wao, wanataka chakula ili pampu ifanye kazi, nyongo ni sabuni, wengi wanafia njiani.

"Wanafia njiani?"

"Wengi, mama. Na wapo wanaosaidia kwa kufa kwao."

"Na wa kwenye togwa?"

Nikamweleza tindikali inayoua vimelea ndani ya sufuria. Hapo alicheka, akasema ndiyo maana uji wa watoto wa marehemu bibi ulikuwa unaachwa ulale. Uji unapikwa, unapoa mpaka kidole kinavumilia, unatiwa kimea cha ulezi na kata moja ya togwa ya jana, unafunikwa. Asubuhi umekuwa mwepesi, una povu jembamba pembeni, na ukinusa unakuchonyota puani.

Aliuliza kama ile chupa ya togwa aliyoniachia kama kianzio bado ipo, maana ikikaa muda mrefu bila uji mpya inakufa.

Nilikuwa nimeikorogea uji usiku wa juzi. Asubuhi mwanangu alifunua sufuria kabla yangu, akaja na kikombe chake.